MAMTONI UMENUNUA 'KONDO'? CHUMBA CHAKO, PAA LA WOTE!

Kaloleni hapa karibu kila ukoo una mtu mamtoni. Siku akipiga simu na kusema amenunua nyumba ghorofa ya 15, yenye lifti na bwawa la kuogelea chini, mtaa mzima unapata habari kabla jua halijazama. Hongera zinamiminika. Lakini swali moja watu hawamuulizi: umenunua nini hasa?

Wenyewe kule wanaiita kondominiamu, kwa kifupi kondo. Wala usicheke, si ile kondo ya nyuma wanayoijua wakunga! Ni jengo moja lenye wenye mali wengi. Wewe ni mwenye fleti yako, yaani sebule, vyumba na jiko. Paa, ngazi, lifti, mabomba makubwa na maegesho ni mali yenu nyote kwa mafungu. Ukisaini kununua fleti, umesaini pia kuishi kwa masharti ya wenzako.

Aliyewahi kupanga uswahilini ataelewa haraka. Ua mmoja, wapangaji sita, LUKU moja ya kuchangia, zamu ya kufagia na kuosha choo. Asiyechanga anasemwa bombani. Tofauti ni kwamba kondo hawakusemi bombani, wanakuandikia barua. Na barua ile ina meno.

ADA HAILALI

Kila mwezi unalipa ada ya jengo. Ndiyo inayolipia usafi, ulinzi, lifti, bima ya jengo na mfuko wa akiba wa matengenezo makubwa. Ada hii haimo ndani ya mkopo wa benki. Unaweza kumaliza mkopo wote, ada ikaendelea hadi siku unauza.

Usipolipa je? Chukua mfano wa Ontario, jimbo la Kanada lenye jiji la Toronto. Sheria yao ya kondo ya mwaka 1998 inaruhusu umoja wa wenye jengo kuishika fleti yako kwa deni la ada, na hata kuiuza. Deni hilo linatangulia hata mkopo wa benki! Kwa hiyo mtu anayebana ada ili atume fedha za msiba au harusi nyumbani anacheza na paa lake mwenyewe. Ndugu wa huku nasi tujue hivyo kabla ya kumwita bahili.

KANUNI ZA KUKAA KWA AMANI

1. Soma kwanza. Ontario, kwa dola 100 tu za kule, jengo linalazimika kukupa ndani ya siku 10 hati inayoonyesha hali ya mfuko wa akiba, kesi zilizopo na masharti ya jengo. Mpe mwanasheria aisome. Ukinunua fleti mpya kwa mjenzi, una siku 10 za kughairi. Ukinunua kwa mtu, siku hizo hazipo.

2. Sakafu yako ni dari ya mwenzio. Kutwanga kwenye kinu usiku, muziki wa ngoma nzito, watoto kurukaruka: yote yanashuka chini. Wa chini hagongi mlango, anapiga simu kwa meneja.

3. Roshani si uani. Majengo mengi hayataki jiko la mkaa wala nguo za kuanika pale. Nyama choma itafutie bustani yenye ruhusa.

4. Kuhamia ni kwa miadi. Lifti ya mizigo unaiandikisha siku na saa. Ukija na kitanda bila taarifa, utakaa nacho nje.

5. Usibomoe ukuta kienyeji. Huenda ndani mna bomba la jirani, au ndio ulioshika jengo. Omba kibali.

6. Kupangisha kuna masharti. Majengo kibao hayaruhusu kupangisha wageni wa siku mbili tatu. Uliza kabla hujapiga hesabu ya faida.

7. Nenda kikaoni. Kamati inachaguliwa na wenye fleti, nawe una kura. Wabongo wengi hawaendi, halafu ada ikipanda wanalalamika jikoni.

ADA NDOGO SI BAHATI

Mtu anaona ada ya chini anachekelea. Mwulize basi habari za Surfside, karibu na Miami, Marekani. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kuwa zege la sehemu ya bwawa kwenye jengo la Champlain Towers South limeharibika vibaya. Wenye fleti wakavutana kuhusu gharama. Aprili 2021 ndipo walipotakiwa kuchanga dola milioni 15, kuanzia kama dola 80,000 kwa fleti ndogo. Usiku wa kuamkia Juni 24, 2021 sehemu kubwa ya jengo iliporomoka. Walikufa watu 98. Wachunguzi wa serikali waliona pia kuwa sakafu ya bwawa ilikuwa dhaifu tangu kwenye ramani. Lakini ufa ulikuwa umeshasemwa miaka mitatu kabla.

USISEME HAIKUHUSU

Mambo haya yameshafika kwetu. Bara ina sheria ya hati za sehemu za majengo tangu mwaka 2008, na Zanzibar ilitunga yake ya kondo mwaka 2010. Chalii wa Arusha anayeweka akiba anunue fleti Dar au Fumba atakutana na mkutano uleule, ada ileile na jirani yuleyule wa chini.

Kwa hiyo ukienda kutazama fleti, usiishie kusifia vigae na mandhari. Panda juu uangalie paa, shuka chini uangalie nguzo, kisha uliza: mfuko wa akiba una shilingi ngapi, na nani hajalipa? Wakijikunakuna kichwa, shika njia urudi zako.