Sura ya Saba: Zana Zina Mwenyewe

Anayetaka programu yake ifunguke kwenye Windows, Mac na Linux ana njia mbili. Ama aiandike mara tatu, kila mara kwa taratibu za mfumo husika, ama atumie zana ambazo watu wengine wamekwisha kuziandaa kwa mifumo yote: madirisha, vitufe, menyu, fonti, uchapishaji. Njia ya pili huokoa miezi ya kazi, na kwa programu kubwa huokoa miaka. Ndiyo maana karibu kila mtu huifuata. Lakini zana hizo zina mwenyewe, na mwenyewe ana masharti yake. Anayetazama bei peke yake, akaona ni bure, akaanza kujenga, hajatazama jambo lililo zito zaidi: kesho nani ana uwezo wa kuyabadilisha masharti hayo?

Katika sura hii tutafuata zana moja, Qt, kwa sababu imepita katika aina nyingi za leseni.

Qt ni ya Norway. Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walianza kuiandika mwaka 1991, wakaanzisha kampuni mwaka 1994, ile iliyokuja kujulikana kwa jina la Trolltech, na Mei 1995 wakaitoa kwa umma. Biashara yao ilieleweka kirahisi. Aliyeandika programu za kugawa bure kwenye Linux na ndugu zake alipewa Qt bure. Aliyeuza programu alilipia leseni kwa kila mwandishi wa msimbo aliyemwajiri.

Oktoba 1996 mwanafunzi wa Kijerumani, Matthias Ettrich, alianzisha KDE, mradi wa kuipa Linux mazingira ya kazi ambayo hata mtu asiye mtaalamu angeyaweza. Alichagua Qt kwa ubora wake. Hapo ukazuka ubishi mkubwa. Leseni ya Qt ya wakati ule ilikuruhusu kuitumia bila kulipa, lakini haikukuruhusu kuirekebisha na kusambaza toleo lako. Maana yake, mradi wa jumuiya nzima ungesimama juu ya mali ya kampuni moja. Mwaka uliofuata, 1997, Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico wakaanzisha GNOME kama mbadala, wakajenga juu ya GTK, zana iliyozaliwa pamoja na GIMP, programu ya kuhariri picha. Ukiona leo Linux ina mazingira mawili makubwa yanayoshindana, ujue kwamba chanzo chake kilikuwa leseni.

Trolltech iliwasikia watu. Mwaka 1998 ilikubaliana na KDE kuunda taasisi ya pamoja yenye mkataba wa ajabu kwa zama zile: ikitokea mwenye Qt, awe nani, ameacha kutoa toleo huria kwa miezi 12, taasisi ina haki ya kuitoa Qt kwa leseni legevu ya aina ya BSD, ambayo humruhusu yeyote kufanya karibu lolote. Kura zikifungana katika bodi, uamuzi ni wa KDE. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu chenye thamani kuliko vyote katika historia ya zana hizi, nacho hakitaji hata senti moja.

Mwaka 2000 Qt ikaingia chini ya GPL. Leseni hii inasema hivi: itumie, ibadilishe, hata iuze, lakini programu yoyote unayoisambaza ukiwa umeijenga juu yake nayo lazima itoke kwa GPL, pamoja na msimbo wake. Kijana aliyeuzia maduka ya dawa programu ya stoo na hakutaka kufungua msimbo wake hakuwa na budi kununua leseni ya biashara. Tena Trolltech ilisisitiza kwamba anunue tangu siku ya kwanza ya kazi. Kuanza na toleo la bure kisha kulipa programu ikishakamilika hakukukubaliwa.

Nokia iliinunua Trolltech mwaka 2008, na mapema 2009 ikaongeza leseni ya tatu, LGPL. Nokia ilikuwa inauza simu, si leseni. Ilichotaka ni Qt ienee. Tofauti ya LGPL unaweza kuiona kwa macho. Fungua folda ya QGIS kwenye kompyuta ya Windows, programu ambayo vijana wa mradi wa Ramani Huria waliitumia kuchora ramani za mafuriko za Dar es Salaam, na humo utakuta faili kama Qt5Core.dll. Hiyo ni Qt, imekaa pembeni ya programu yenyewe. Chini ya LGPL, msimbo wako wa duka la dawa unaweza kubaki siri yako, mradi tu Qt ibaki namna hiyo na mteja aweze kuitoa na kuweka Qt aliyoirekebisha mwenyewe. Pamoja na hayo umpe maandishi ya leseni, na msimbo wa Qt uliyotumia uwe unapatikana.

Kwa kompyuta ya mezani hilo ni jepesi. Kwa dashibodi ya gari au mashine ya hospitali ni zito, kwa sababu kiwanda hakitaki mteja aingize faili lake humo. Mwaka 2016 Qt, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imehamia Finland mikononi mwa The Qt Company, ilihamia toleo la tatu la LGPL, linalokataza kumfungia namna hiyo mnunuzi wa kifaa cha matumizi binafsi. Matokeo yake yanatabirika: viwanda vya vifaa vilivyofungwa hulipa, tena si kwa kila mwandishi wa msimbo tu, bali na kwa kila kifaa kinachouzwa. Nauona mpango huu kuwa wa haki. Mwenye kiwanda anachangia gharama, na mwanafunzi wa Mbeya anapata zana ileile bila kulipa.

Zipo gharama nyingine ambazo leseni ya zana haizigusi. Flutter, zana ya Google, ni bure kwa leseni ya BSD, lakini kuweka programu kwenye duka la Apple ni dola 99 kwa mwaka, Google Play ni dola 25 mara moja, na kuandaa toleo la iPhone kunahitaji Mac. Kwa kampuni ya watu wawili, Mac hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Sasa linganisha mkataba ule wa Qt na yaliyotokea kwa Unity, zana ya kutengenezea michezo. Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 michezo iliyovuka viwango fulani vya mapato na usakinishaji itatozwa kila inapowekwa kwenye kifaa kipya, hadi senti 20 za dola, pamoja na michezo iliyokwisha kuingia sokoni. Ni sawa na mpangaji aliyechimba kisima kwa fedha zake, kisha mwenye nyumba akaanza kumtoza kwa kila ndoo. Watengenezaji waligoma, mkurugenzi mkuu akaondoka Oktoba hiyohiyo, na Septemba 2024 tozo ikafutwa kabisa. Lakini kilichoifuta ni hasira ya umma. Hakukuwa na taasisi ya kuwalinda.

Qt nayo ilijaribiwa. Januari 2021 The Qt Company ilifanya marekebisho ya toleo la 5.15 kuwa ya wateja wanaolipa, ilhali programu nyingi za KDE zilikuwa bado zinaegemea toleo hilo. KDE hawakuhitaji kuandamana. Walichukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria, ambao leseni yake haiwezi kurudishwa nyuma, na miezi michache baadaye wakaanza kukusanya wenyewe marekebisho ya usalama na ya hitilafu juu yake, hadharani, kwa yeyote anayeyahitaji. Kampuni nayo iliendelea kutoa msimbo wa marekebisho yake kwa umma, kila toleo baada ya mwaka mmoja hivi.