Je, Wajua? Injili ilitangulia vitabu vya Injili

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho waraka wake wa kwanza akiwa Efeso, kati ya miaka ya 53 na 55 hivi. Wataalamu wengi wanakubali kwamba wakati huo hakuna hata kimoja cha vitabu vinne vya Injili kilichokuwa kimeandikwa. Lakini katika sura ya 15 anawakumbusha Injili ambayo yeye mwenyewe aliipokea, kisha akawakabidhi: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Ndipo anapotaja mashahidi, na hapa ndipo penye uzito wote: Kefa, wale Thenashara, Yakobo, na ndugu zaidi ya 500, wengi wao wakiwa bado hai. Mkorintho mwenye shaka alikuwa na watu wa kuwauliza.