Televisheni Mpya Nyumbani: Tununue Ipi, na Kwa Nani?



Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alipata zamu yake ya upatu siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani. Fedha zile zilitokana na vitumbua na maandazi aliyokuwa akiyachoma kila alfajiri. Watoto walikuwa wakimwomba televisheni mwaka mzima, naye aliona ni kheri waitazame nyumbani mbele ya macho yake kuliko kwenda kuketi kwenye baraza za watu mpaka usiku. Akaenda mjini, akaonyeshwa boksi zuri lenye jina kubwa, akatajiwa bei iliyo chini ya bei za maduka mengine, akalipa, akarudi kwa furaha. Wiki ya tatu kioo kikawa cheusi: sauti yasikika, picha haionekani. Aliporudi dukani alionyeshwa maneno yaliyopigwa chapa chini ya stakabadhi yake, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Hatuyaandiki haya ili kumsuta muuza duka yule. Twayaandika kwa sababu nyumba nyingi zimeonja uchungu huo, na kwa sababu mama yule aliuliza maswali mawili tu, ukubwa na bei. Swali kubwa kuliko yote hakuliuliza, nalo ni hili: ikiharibika, nani atasimama nayo?

Zamani swali hilo halikuwa zito kama leo. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962. Unguja ikapata televisheni ya rangi katika miaka ya 1970. Tanzania Bara ikangoja mpaka mwaka 1994. Televisheni za miaka ile zilikuwa nzito, zenye mgongo mkubwa, na fundi wa mtaani aliweza kuifungua, akabadili kifaa kilichoungua, ikaendelea miaka mingine. Za siku hizi ni nyembamba na nyepesi, lakini sehemu kubwa ya thamani yake imo katika kioo. Kioo kikipasuka, gharama ya kingine hukaribia bei ya televisheni mpya. Tena nyuma ya kioo kuna taa ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu. Katika televisheni nyingi taa hizo zimefuatana katika waya mmoja, hata moja ikifa huweza kuzima safu nzima, na pengine kioo chote. Hiyo ndiyo maana ya sauti kusikika bila picha. Basi mwenye kukosea katika kununua leo, kosa lake ni ghali kulirekebisha.

Wako wanaosema, nunua jina kubwa tu, upumzike. Jina lina faida yake, lakini halitoshi, kwani majina huuzwa kama biashara nyingine zote. Televisheni zenye jina la Philips, tangu mwaka 2012 katika nchi nyingi, hutengenezwa na kampuni ya TP Vision; na Toshiba ilitangaza mwaka 2017 kuiuzia Hisense kazi yake ya televisheni. Hatusemi kwamba bidhaa hizo ni mbaya. Twasema tu kwamba jina alilolipenda babu si ushahidi wa kilichomo ndani ya boksi leo, seuze boksi lililobandikwa jina la wizi. Aulize mnunuzi: je, jina hili lina wakala anayejulikana katika nchi yetu? Vipuri vyake vyapatikana? Mafundi wa mtaa wetu wameshawahi kuifungua? Jina dogo lenye wakala na vipuri ni bora kuliko jina kubwa lisilo na mwenyewe.

Sasa tutazame sifa za chombo chenyewe. Ukubwa hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo, bila ya fremu. Inchi 32 ni kama sentimita 81. Inchi 43 ni kama 109. Inchi 55 ni kama 140. Chukua utepe wa fundi cherehani uupime mwenyewe dukani. Kwa chumba kidogo ambamo watu huketi hatua tatu kutoka ukutani, inchi 32 au 43 yatosha, na hapana haja ya kujionyesha kwa wageni.

Kisha ni uwazi wa picha. Televisheni nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768. Picha iliyo bora zaidi ina 1920 kwa 1080. Na ile iitwayo 4K ina 3840 kwa 2160. Hapa kuna hila: boksi huandikwa kwamba televisheni yapokea 4K, na maneno hayo yaweza kuwa ya kweli, ilhali kioo chenyewe kina nukta chache na huipunguza picha ile ili iingie. Uliza idadi ya nukta za kioo, wala usiulize anachoweza kupokea.

Tazama pia kama imeandikwa DVB-T2. Huo ndio mtindo wa matangazo ya dijitali ya ardhini unaotumika katika nchi zetu, na televisheni iliyo nao, kwa antena tu, huweza kupata stesheni zisizofungwa mahali zirushwapo, bila kununua kingamuzi. Mwisho, geuza nyuma usome kibao cha umeme. Ile iliyoandikwa volti 100 hadi 240 huvumilia umeme unapopungua kuliko ile isiyoshuka chini ya 220. Soma na wati zake. Televisheni ya wati 60 ikiwashwa saa tano kila siku, kwa mwezi wa siku 30 itakula uniti 9 za umeme; ya wati 120 itakula 18. Mwenye nyumba na aifanye hesabu hiyo kabla, kwani bei hulipwa mara moja na umeme hulipwa kila mwezi.

Ama zile ziitwazo smati, zinazounganishwa na intaneti, yapasa tahadhari zaidi. Ziko za bei ndogo ambazo programu zake ni za zamani wala hazipati marekebisho. Mwezi wa Juni 2025 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa onyo la hadharani kwamba vyombo vingi vya nyumbani vya intaneti, vikiwamo visanduku vya televisheni, vilikuwa vimeingizwa programu za wahalifu, vingine kabla hata ya kununuliwa, ili intaneti ya mwenye nyumba itumiwe kwa maovu bila ya yeye kujua. Dalili mojawapo ni chombo kuahidi filamu na mipira yote ya kulipia bure. Ndugu zetu vijana, hicho cha bure kina mwenyewe aliyeibiwa, na nyumba yako ndiyo mlango aliopitia mwizi.

Tununue wapi basi? Waliopo Dar es Salaam hwenda Kariakoo, wa Unguja hwenda Darajani, wa Nairobi hwenda mtaa wa Luthuli, na katika masoko hayo yote wamo wafanya biashara waaminifu na wamo wengine. Wa kwanza kumwendea ni wakala wa kampuni au duka lenye barua ya uwakala, hata bei yake ikizidi kidogo. Wa pili ni duka la miaka mingi ambalo majirani zako wamenunua na wakarudi kununua tena. Anayeuza kwa simu tu, asiye na mahali pa kukutwa, mwache, au usimlipe mpaka umekiona chombo kikiwaka. Na zile zilizokwisha kutumika, zinazoletwa kutoka Dubai na kwingineko, si haramu kuzinunua, lakini sharti ziuzwe kwa jina lake la mtumba na kwa bei ya mtumba, si kutiwa katika boksi jipya.

Ukiwa dukani, usione haya. Taka boksi lifunguliwe mbele yako. Linganisha nambari iliyo juu ya boksi na iliyo mgongoni mwa televisheni. Iwashwe, iachwe nusu saa. Ionyeshwe picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, kisha nyekundu. Madoa, mistari na nukta zilizokufa zitajionyesha zenyewe. Jaribu sauti, rimoti, na kila tundu lililo nyuma. Kisha ipokee stakabadhi halali ya mashine, iliyoandikwa jina la televisheni, nambari yake na muda wa dhamana, ambayo wengi huiita waranti. Uliza dhamana hiyo ni ya duka au ya kampuni, na kama kioo kimo. Muuzaji akikasirika kwa maswali haya, amekwisha kukujibu.

Wala msidhani kwamba kukagua ni utovu wa adabu. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Alipomwuliza mwenye mali, akajibu kwamba kilipatwa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kudanganya hayumo katika mwenendo wake. Tazameni: Mtume hakutosheka na sura ya juu ya lundo. Nasi tusitosheke na sura ya juu ya boksi.

Na lile tangazo la mali ikishauzwa hairudishwi, je, lina nguvu gani? Wanazuoni wa Fiqhi wamemthibitishia mnunuzi hiari ya kurudisha kitu kwa aibu iliyokuwamo kabla hajakipokea, naye hakuijua. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, qauli yenye nguvu ni kwamba muuzaji wa bidhaa kama hizi haepukani na aibu hiyo kwa kushurutisha tu kwamba hahusiki. Lakini madhehebu hayo hayo yamtaka mnunuzi aharakishe: akigundua aibu aache kukitumia, akirudishe bila ya kukawia. Mwenye kuendelea kutazama miezi miwili ndipo alalamike, amejipunguzia haki yake kwa mikono yake. Yafaa pia kushurutishana mwanzo muda wa majaribio wa siku tatu, nao ni muda unaojulikana katika Fiqhi. Sheria za nchi nazo haziko kimya: Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Lakini mlango wa sheria hufunguliwa kwa stakabadhi. Asiyekuwa nayo atasema nini?

Jambo jingine ni kununua kwa kulipa kidogo kidogo. Wanazuoni walio wengi wameruhusu bei ya mkopo izidi bei ya taslimu, kwa sharti kwamba wawili hao waafikiane bei moja kabla ya kuachana, na isiongezeke tena. Ama mkataba unaosema kwamba ukichelewa deni litazidi, hiyo ni riba, hata ikipewa jina zuri la faini. Soma karatasi yote, au msomeshe mwanao anayejua, kabla ya kutia sahihi. Na kama si lazima, subira ya miezi mitatu ni nafuu kuliko deni la mwaka.

Chombo kikifika nyumbani, kitunzwe. Wekeni kifaa cha kukata umeme unapozidi au unapopungua, na wakati wa radi mng'oe plagi na waya wa antena. Punguzeni mwanga wa kioo katika mipango yake mpaka kiasi cha nusu. Taa zile zitaishi zaidi. Walio karibu na bahari wasiiweke mbele ya dirisha lipitalo upepo wa chumvi. Kioo kipanguswe kwa kitambaa laini kikavu, si kwa maji. Na penye watoto wadogo ifungwe ukutani barabara, kwani televisheni iliyowekwa juu ya kabati imeshawaangukia watoto katika nchi nyingi na kuwaua.

Mama yule jirani yetu alikaa bila televisheni mpaka zamu yake nyingine ya upatu. Safari ya pili alikwenda pamoja na mwanawe wa kiume na utepe wa kupimia. Duka la kwanza walikataa kufungua boksi, akawaaga kwa wema. Duka la pili mzee mmoja alifungua, akaiwasha, akamwambia mwenyewe, kabla hajaulizwa, kwamba ile ina mkwaruzo mdogo ubavuni, akampunguzia bei, akaandika mkwaruzo huo katika stakabadhi. Bei ilizidi ile ya mwanzo. Akalipa, na stakabadhi ile ameiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe.

Ndugu zetu, mchagueni muuzaji kwanza, kisha ichagueni televisheni. Nanyi mlio wauza duka na mnatusoma, jueni kwamba mteja kama huyo huleta mtaa mzima nyuma yake. Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, biashara zetu na yale tunayoyatazama. Amin.