Redio ya Kanada katika kivuli cha Marekani

Wakanada wengi wanaishi karibu na mpaka wa Marekani na, ukiacha Quebec, wengi huzungumza Kiingereza kama jirani yao. Mawimbi ya redio hayasimami forodhani, kwa hiyo muziki wa jirani uliwafikia bila kizuizi, huku wasanii wa Kikanada kama Neil Young na Joni Mitchell wakihamia Marekani miaka ya 1960. Mwaka 1971 mamlaka ya utangazaji, CRTC, iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya nyimbo zinazopigwa na vituo vya AM ziwe za Kikanada. Wapo wanaosema msikilizaji aachwe achague mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito, lakini mtu hawezi kuchagua wimbo ambao hajawahi kupigiwa, na soko peke yake halikuwa likimpigia. Agizo lile liliwapa wenye studio na kampuni za muziki za nyumbani sababu ya kuwekeza.

Kasoro zilikuwepo, tusizifiche. Ili uhesabiwe wa Kikanada, wimbo hupimwa kwa mambo manne: muziki, maneno, msanii na mahali uliporekodiwa au kuimbwa; ukitimiza mawili, umepita. Mwaka 1991 nyimbo za Bryan Adams, Mkanada kabisa, zilikataliwa kwa sababu alizitunga pamoja na mgeni na kuzirekodi nje. Watu walikasirika, na kwa haki. Kanuni ikarekebishwa, haikufutwa, na naona huo ulikuwa uamuzi sahihi. Tangu 2023 sheria mpya inazigusa pia huduma za intaneti.