BASI HALIFI BARABARANI

Jina la Kariakoo twalitamka kila siku, lakini ni wachache wakumbukao asili yake. Latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kilichoitwa "Carrier Corps", nasi tukalilainisha jina hilo kwa ulimi wetu. Hivyo kitovu cha biashara cha mji wetu chaitwa kwa jina la watu waliobeba mizigo kwa vichwa na mabega. Yafaa basi tuulizane hapo hapo Kariakoo: ni nani abebaye umati wa mji huu leo, na ni nani amtunzaye huyo abebaye?

Wazee waikumbuka D.M.T., kampuni iliyoendesha mabasi ya mji tangu enzi za ukoloni. Serikali iliitaifisha mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1974 kazi yake iligawanywa: usafiri wa mji ukapewa UDA, na ule wa mikoani ukapewa KAMATA. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, kwa maana mali ya wageni imekuwa mali ya umma. Yakaja na mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yenye kiungo katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba.

Lakini haikupita miaka kumi ila foleni za abiria zilikuwa ndefu kuliko mabasi yenyewe. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya 1978 na 1979 vya kumng'oa Idi Amin vikala akiba ya taifa, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikaadimika. Basi hushindwa kwenda kwa kukosa pampu moja tu, au matairi mawili. Likisimama mwezi mmoja, huanza kunyofolewa vioo na betri kulisaidia jingine. Likisimama mwaka, ni chuma chakavu. Mwaka 1983 Serikali haikuwa na budi kuwaruhusu watu binafsi kuchukua abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na ndilo chimbuko la jina la daladala.

Fundisho la habari hii ni moja. Basi halifi barabarani, hufia karakana. Huko barabarani twaona maiti yake tu.

Tuitazame na zama yetu. Mwezi Mei 2016 mabasi yaendayo haraka, ambayo kila mtu huyaita mwendokasi, yalianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani Kariakoo. Barabara yake, karibu kilometa 21, ilijengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mabasi yalikuwa 140, nayo makadirio ya kazi kamili yalitaka 305. Wako wasemao kwamba hapo ndipo penye ugonjwa wote: mabasi ni machache, basi yaongezwe. Hatukatai kuwa ni machache. Lakini yaliyopo yametunzwaje? Karakana yake ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, bonde ambalo kila mkazi wa Magomeni alijua kuwa hufurika. Mvua zilipokuja, maji yaliingia karakana, na mara kwa mara safari zilisimamishwa. Kisha mabasi mengine 70 yalipofika nchini mwaka 2018, yalizuiliwa muda mrefu kwa mabishano ya kodi, huku abiria wakibanana vituoni. Gari jipya linaweza kuzeeka pasipo kubeba hata mtu mmoja.

Linganisheni na treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012 kutoka Stesheni hadi Ubungo. Mabehewa yake hayakuwa mapya. Yalikuwa ya zamani, yakakarabatiwa, yakarudi kazini. Kumbe kitu kikuukuu chenye fundi ni bora kuliko kipya kisicho na mtunzaji. Mwaka 2024 tumepata treni ya umeme hadi Morogoro na Dodoma, na mwaka 2025 mabasi yatumiayo gesi yameanza njia ya Mbagala. Hizi ni neema. Lakini neema hujaribiwa mwaka wa tano, si siku ya kukata utepe.

Na hapa hatuna budi kujihukumu wenyewe. Siku ya utepe viongozi wa Chama huwa mstari wa mbele, na sisi wa magazeti hupiga picha na kuzichapa ukurasa wa kwanza. Ni lini tulichapa picha ya fundi aliyelala chini ya injini saa nane usiku ili gari litoke alfajiri? Tumewafundisha wasomaji kuhesabu mabasi yaliyonunuliwa. Hesabu ya haki ni ya mabasi yatokayo karakana saa kumi na mbili asubuhi.

Twapendekeza hesabu hiyo ibandikwe kila siku vituoni Gerezani na Kimara, ili mwananchi aisome kama asomavyo bei ya nyanya sokoni. Fedha za vipuri zitengwe katika nauli kabla ya matumizi mengine, zisiguswe kwa safari wala semina. Mabasi yalazwe mahali pakavu, na mafundi walipwe na kuheshimiwa kadiri ya kazi yao. Nasi abiria tuache kuchana viti na kuvunja milango, kwa maana mali ya umma haina mwenyewe mwingine ila sisi.

Mpagazi wa Kariakoo akichelewa saa moja, mzigo wake amekwisha kuubeba mwingine. Mama lishe akichelewa, uji wake humdodea. Saa hiyo hairudishwi na hotuba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ukuta huu tumekwisha kuujenga mara mbili katika umri wa mtu mmoja. Tusiujenge mara ya tatu.