Njia ya kutokea sokoni: mfanyabiashara aulizwe

GITEGA – Jumapili ya Januari 27, 2013, Soko Kuu la Bujumbura liliteketea. Rwanda ilituma helikopta kusaidia kuzima moto, lakini mitaji ya watu wengi ilikuwa imeshageuka majivu.

Somo hilo linawahusu wanaovusha mizigo Kobero, Muyinga, na kuiuza Gitega. Mpango wa kuhamisha watu hautoshi ukiandikwa ofisini tu. Mwenye meza ndiye anayejua kichochoro kipi kimezibwa na marobota, na kwamba mgeni kutoka Tanzania huenda asielewe tangazo la Kirundi pekee.

Fukushima, Japani, mwaka 2011, eneo la kuhama karibu na kinu cha nyuklia lilipanuliwa kutoka kilomita 3 hadi 20 ndani ya siku moja. Hapo hakuna muda wa kuulizana njia.

Unapolipa ushuru wa soko, uliza: tukiambiwa tukimbie, tunatokea wapi?