Fahamu: Mkuu wa Majeshi ana mamlaka gani Tanzania?

Wengi huchanganya Mkuu wa Majeshi na Amiri Jeshi Mkuu. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais. Kwa Ibara ya 148 ya Katiba, Rais ndiye huamuru jeshi kuingia vitani au kuokoa maisha na mali wakati wa hatari, na ndiye humteua Mkuu wa Majeshi.

Mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alimpandisha Jacob Mkunda kuwa Jenerali na kumkabidhi wadhifa wa Mkuu wa Majeshi.

Mkuu wa Majeshi husimamia utendaji na nidhamu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) na humshauri Rais. Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ila kura anapiga. Mpaka huo kati ya jeshi na siasa tuulinde: bunduki ni ya taifa, si ya chama.